Maua ya Deizi na Jua la Ngerengere

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya reli, akiisha kuupita Mto Ruvu na kabla hajaiona vema milima ya Uluguru, hufika Ngerengere. Reli ya kwanza iliyopita hapa ilifika Morogoro mwaka 1907. Na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, nayo ina kituo chenye jina hilo. Nchi yenyewe ni ya joto, nchi ya mkonge na nyasi ndefu. Mto Ngerengere huanzia Uluguru, hupita Morogoro, kisha huteremka kuja huku mpaka ukaungana na Ruvu. Basi maji ya mto huu yatoka mlimani, lakini ubaridi wa mlima haukuja pamoja nayo. Neno hili msomaji alishike, maana ndilo msingi wa makala haya.

Tangu zamani nyumba zetu hazikukosa maua. Asumini hupandwa karibu na ukuta, mrehani karibu na mlango, na waridi pale upatikanapo udongo mwema. Maua hayo tabia zake twazijua, kwa kuwa mama zetu na bibi zetu waliyajaribu miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Lakini siku hizi yamekuja maua mageni, na mengi katika hayo ni ya jamii ya deizi. Picha zake zimo katika simu na juu ya pakiti za mbegu. Miche yake huuzwa katika viriba kando ya barabara za Dar es Salaam na Morogoro. Mtu huyaona, akayapenda, akatoa fedha yake, akayachukua nyumbani. Na baada ya majuma machache hana ua wala fedha.

Mwenye kuandika haya ana deni katika jambo hili, na yafaa alitaje kwanza kabla ya kuwafundisha wengine.

Mwaka mmoja, mvua za masika zikikaribia, nilikuwa nikiyasifu mno maua ya jebera, ambayo ni deizi kubwa yenye rangi nyingi. Jirani yangu, bibi mjane auzaye miche ya mipapai na mipera, akaniuliza kama maua hayo yatafaa kwa biashara yake. Nikamjibu bila kusita: "Yatafaa, Bibi. Haya ni maua ya Afrika, hayaogopi jua." Akanunua miche kumi na miwili kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya kuezeka upya jiko lake, akaipanda barabara kama apandavyo miche yake yote, yaani akaizika shina na kuushindilia udongo. Masika yalipokwisha, ilikuwa imebaki miwili.

Nilikwenda kumpa pole, nikasema jua la huku ni kali. Bibi hakunijibu kwa maneno. Aliung'oa mche mmoja uliokufa, akanionesha ya kuwa pale majani yanapokutana na mizizi pameoza na kuwa peusi. Kisha akanichukua mpaka kwenye ile miwili iliyosalimika. Ilikuwa juu ya tuta la udongo uliotolewa katika shimo la taka, mahali ambapo maji hayatuami, tena juani kabisa. Akaniambia: "Mwanangu, jua halikuniulia maua. Wala silo ua lililonitia hasara. Ni neno lako, kwa sababu ulisema usilolijua."

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Deizi ni Maua Gani?

Jamii ya deizi ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za mimea duniani. Wasomaji wetu wengi wanazo deizi mashambani wala hawazijui kwa jina hilo: alizeti ni deizi, na pareto ni deizi. Alama ya jamii hii ni kwamba kile tukiitacho ua moja kwa hakika si ua moja, bali ni mkusanyiko wa maua madogo sana juu ya kichwa kimoja. Chukua kichwa cha alizeti ukitazame kwa karibu. Yale ya katikati, yaliyosongamana, kila kimoja ni ua kamili litakalotoa mbegu yake. Na yale ya pembeni, yenye ulimi mrefu wa rangi, nayo ni maua madogo yaliyopewa kazi ya kuwaita nyuki na vipepeo.

Jebera, ua lile lililonitia aibu, ni la Afrika kweli. Jina lake lilitokana na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Traugott Gerber. Aina yake mashuhuri ilichukuliwa karibu na mji wa Barberton, Afrika Kusini, katika miaka ya 1880, na habari zake pamoja na picha zikachapishwa Uingereza mwaka 1889. Baadaye Richard Irwin Lynch, msimamizi wa bustani ya mimea ya Cambridge, aliichanganya aina hiyo na ndugu yake, jebera ya mwituni ambayo huota pia katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Katika michanganyo ya namna hiyo ndimo zilimotoka jebera nyingi za leo. Kwa hiyo niliposema "haya ni maua ya Afrika" sikusema uongo. Kosa langu lilikuwa kudhani ya kwamba Afrika yote ni udongo mmoja na mvua moja.

Mlima na Bonde

Kwa kadiri ya hesabu ya wataalamu, mtu akipanda mita 1,000 juu, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana toka mjini, kina mita 2,138. Ngerengere iko chini kuliko mji wa Morogoro. Basi katika mwendo wa saa chache mtu aweza kutoka Mgeta, ambako kabichi na njegere hustawi kwa ubaridi, akafika mahali ambapo mkonge ndio ulioonekana kufaa.

Pareto yatupa mfano ulio wazi. Ua hili jeupe, lenye dawa ya kuua wadudu, asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya, na hapa Tanzania hulimwa katika nyanda za juu za kusini, kama vile Mbeya, Iringa na Njombe. Mkulima akiileta pareto katika nchi ya joto, huenda majani yakaota mengi na ya kupendeza. Lakini maua hayatakuja ila machache, kwa kuwa mmea huu huhitaji kipindi cha baridi ndipo ufanye matumba. Mtu atazamaye majani tu atasema, "Imekubali." Asubiri miezi kadhaa, ataona kwamba haikukubali.

Mfano wa pili ni krisantimu, ambayo ni deizi ipendwayo sana katika mashada. Hii hutazama urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, huacha kuongeza majani na kuanza kufanya maua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kama hii yetu, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo mche hufanya maua ungali mdogo, kabla haujapata kimo. Wakulima wa mashamba ya maua Afrika ya Mashariki huwasha taa usiku ili kuudanganya mmea mpaka urefuke. Mwenye bustani wa Ngerengere asiye na taa hizo akiona krisantimu yake imechanua nayo ni fupi, asimlaumu aliyemwuzia mbolea. Sababu ni urefu wa usiku.

Kutokana na mifano hii twaona ya kuwa swali la "Je, ua hili ni zuri?" halitoshi. Yatupasa kuuliza: zuri wapi, kwa udongo gani, kwa maji kiasi gani, na kwa muda gani?

Jinsi Wengine Wanavyojaribu

Maswali hayo yana wenyewe waliokwisha kuyafanyia kazi. Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1804, ilipewa bustani ya Wisley mwaka 1903, na huko hupanda aina nyingi za ua moja pamoja, katika ardhi moja, ili zitazamwe na waamuzi mara kwa mara katika msimu wake. Ua lionekanalo kufaa hupewa Tuzo ya Ubora wa Bustani, iliyoanza mwaka 1922. Masharti yake ni mepesi kufahamika: liwe lafaa kwa bustani ya kawaida, lipatikane madukani, liwe na siha njema, lisigeuke-geuke umbo na rangi, na lisishikwe mno na wadudu au maradhi. Tena tuzo hiyo huweza kuondolewa ua likiisha kupoteza sifa yake. Hapana ua lipewalo sifa ya milele.

Huko Marekani, mfanya biashara wa mbegu wa Atlanta, W. Ray Hastings, alitoa shauri mwaka 1932 kwamba mbegu mpya zijaribiwe mahali mbalimbali na waamuzi wasio na faida katika mauzo yake. Ndipo ikaanza kazi ya All-America Selections, na washindi wa kwanza wakatangazwa mwaka 1933. Kanuni yao moja yapasa kuigwa na kila nyumba: ua jipya halipandwi peke yake. Hupandwa ubavuni mwa ua la zamani linalofanana nalo na lililokwisha kujulikana, ili mtu aone kama hili jipya limezidi kweli, au limependeza kwa sababu ya upya wake tu.

Faida ya kazi hiyo ilionekana katika ua la zinia, deizi itokayo Mexico. Zinia ya zamani yenye maua makubwa hupenda joto, lakini majani yake hushikwa upesi na ubwiri unga na madoa ya bakteria, hasa panapokuwa na unyevu. Kampuni ya Sakata ya Japani ilitoa chotara lake na zinia ndogo ya majani membamba, ambayo haishikwi upesi na maradhi hayo. Chotara hilo likaitwa Profusion, na mwaka 1999 aina zake mbili, ya rangi ya chungwa na ya rangi nyekundu ya waridi, zikapata Nishani ya Dhahabu ya All-America Selections. Zilishinda kwa siha yao katika ardhi nyingi, maana kwa ukubwa wa ua zinia ya zamani ingezishinda.

Lakini Wisley si Ngerengere, na Atlanta si Ngerengere. Tuzo ya huko ni habari njema ya kutuonesha pa kuanzia, wala si hukumu juu ya bustani zetu.

Maua Yafaayo Kujaribiwa

Kwa mwenye kuanza, twaona yafaa kuchukua aina nne tu, na moja iliyokwisha kuzoeleka ya kulinganishia.

Ya kwanza ni zinia. Mbegu yake hupandwa pale pale litakapokaa ua, kwa nafasi ya kiasi cha sentimita 30, nayo huweza kuchanua katika muda wa miezi miwili au kupita kidogo. Maji yatiwe chini, yasimwagwe juu ya majani.

Ya pili ni gazania, ya Afrika Kusini, ambayo ni fupi na huvumilia ukame. Tabia yake ni kujifunga jioni na siku ya mawingu. Mwamuzi atakayeitazama alfajiri ataidhulumu. Sharti itazamwe jua likiisha kupanda. Haipendi kabisa maji yaliyotuama.

Ya tatu ni gailadia, ya Marekani, yenye rangi nyekundu na manjano, ambayo huridhika na udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi.

Ya nne ni jebera yenyewe. Sikuiacha kwa sababu ya aibu yangu, bali naiweka ili ijaribiwe kwa haki. Shingo ya mche, pale majani yatokapo, iachwe juu kidogo ya udongo, na tuta liinuliwe. Hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Pakiwa na chokaa nyingi, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Katika nchi ya joto yafaa ipate kivuli chepesi cha alasiri. Kutoka mbegu mpaka ua huchukua miezi mitatu na nusu au minne, basi asiye na subira asiianze.

Ya kulinganishia iwe marigoldi, ambayo nayo ni deizi, na watu wengi wameizoea.

Na mwenye kununua mbegu chotara afahamu jambo hili: mbegu atakazochuma katika maua yake hazitazaa maua yale yale. Watoto watatawanyika, huyu akimfuata babu, yule akimfuata bibi. Kwa hiyo mwuza miche asiahidi rangi asiyokuwa na hakika nayo.

Mizani ya Bustani

Sasa twaja katika kazi yenyewe. Haihitaji chuo wala chombo cha thamani. Yahitaji matuta matatu, kopo moja, daftari moja, na ukweli.

Kwanza, fanya matuta matatu ya kuinuka kadiri ya shibiri moja, ili masika yasiyafanye bwawa. Yatie samadi iliyooza vizuri, kwa kiasi kimoja yote matatu. Katika kila tuta panda aina zote tano, miche mitatu ya kila aina. Mtu atauliza: kwa nini matuta matatu, wala si moja kubwa? Jibu lake alilitoa Bibi jirani yangu kwa miche yake miwili iliyopona. Huenda tuta moja liko mahali pazuri kuliko jingine, nawe usijue. Ua likistawi katika matuta yote matatu, sifa ni ya ua. Likistawi katika moja tu, chunguza udongo wa tuta lile kabla ya kulisifu ua.

Pili, usichague mwenyewe mahali pa kila ua ndani ya tuta. Moyo una upendeleo, nao utalipa lile ulipendalo mahali pazuri bila ya wewe kujua. Andika majina katika vipande vya karatasi, umwite mtoto apige kura, na kura ifuatwe.

Tatu, maji yapimwe. Kopo moja la nusu lita kwa kila mche jioni litatosha katika majuma mawili ya kwanza. Kisha punguza, iwe baada ya siku mbili, kwa maua yote sawa. Katika nyumba zetu maji ya udhu humwagika mara tano kila siku. Yakikingwa katika beseni yatamaliza haja ya bustani ndogo pasipo kuongeza ndoo moja ya kisimani. Maji ya sabuni yasitiwe kwenye miche michanga.

Nne, chagua wakati kwa busara. Yafaa jaribio lipite misimu miwili iliyo kinyume: masika ya Machi mpaka Mei, ambayo huozesha, na ukame ufuatao, ambao hukausha. Ua lililopita vuli moja tu halijajaribiwa. Waotesha miche nao wajihadhari na kinyausi, yaani ugonjwa uangushao miche kwenye shina ikiwa imesongamana katika udongo wenye maji mengi.

Tano, andika. Katika daftari pawe na siku ya kupanda, idadi ya miche iliyoota, siku ya ua la kwanza, na idadi ya maua kila juma. Andika pia wadudu ulioona: inzi weupe, utitiri mwekundu, vidukari. Siku moja ya juma, saa nne ya asubuhi, jua likiwa limeenea, watu wawili wa nyumba wakague kila mmoja peke yake, wampe kila mche alama toka 1 hadi 5, wala wasioneshane mpaka wamalize. Vibao vya majina vifunikwe siku hiyo, ili sifa ya jina isiliongezee ua lisiyostahili. Mama na binti yake wakitofautiana sana katika alama, wakae waulizane sababu. Aghalabu mmoja ameona kitu ambacho mwenzake hakukiona.

Sita, na hili ndilo gumu kuliko yote: waliokufa waandikwe. Mtu hupenda kuhesabu yaliyochanua, akayafuta yaliyokufa kwa kusema, "Huo ulikanyagwa na kuku," au "Huo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo." Kama kuku kweli amekanyaga, andika kuku. Kama hujui, andika umekufa, sababu haijulikani. Daftari lisilo na mche uliokufa ni tangazo la biashara.

Ua Lisitawi Kupita Kiasi

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ua lipendalo nchi yetu kuliko inavyotupasa kulipenda. Wedelia ni deizi ndogo ya manjano itambaayo, iliyotoka Amerika ya joto, na watu huipanda kuwa zulia la bustani. Huota upesi, haitaki matunzo, wala haifi. Kwa mizani tuliyoieleza hapo juu ingepata alama zote. Lakini wedelia imetiwa katika orodha ya viumbe 100 vilivyo wavamizi wabaya kabisa duniani, kwa sababu hutambaa nje ya bustani ikaifunika mimea mingine. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, nalo ni la jamii hii hii ya deizi. Huharibu malisho na kuwatia watu wengine mwasho na pumu. Hata alizeti pori, yenye maua makubwa ya manjano kando ya barabara, asili yake ni Mexico na nchi jirani zake, na haikuja hapa kwa miguu yake.

Sisi Watanzania tunao ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia ili ijaribiwe. Waliuliza: je, itaota? Itatoa faida? Mingi ikaota. Lakini baadhi yake ilitoka katika mipaka ya bustani ikaingia msituni, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 uliihesabu mimea ya bustani ile iliyokuwa ikijieneza yenyewe. Milima ya Uluguru ni ndugu ya Usambara katika safu ya milima ya Tao la Mashariki. Misitu yake, iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine po pote. Bustani yako huenda iko mbali na msitu, lakini mbegu nyingi za deizi zina manyoya mepesi, na upepo hauombi ruhusa.

Kwa hiyo ongeza safu moja katika daftari: je, ua hili limeota mahali ambapo sikulipanda? Likiota nje ya tuta, ling'oe. Likirudi tena na tena, basi usiligawe kwa jirani hata kama ni zuri, wala usitupe vipande vyake mtoni; uvikaushe na kuvichoma moto.

Neno la Mwisho

Wengine watasema: haya yote ni kwa ajili ya maua tu? Maua hayaliwi. Nami nasema, mjane aliyetoa fedha ya kuezeka jiko lake hakununua kitu cha mchezo. Alinunua riziki ya miezi ijayo, na aliinunua kwa kuliamini neno la jirani. Mwenye kuuza miche ambaye hajui kama itaishi, akasema itaishi, amechukua fedha ya mtu kwa kitu asichokuwa nacho, yaani ujuzi. Na mwenye kusifu bila kujaribu, kama nilivyofanya mimi, amemsaidia katika jambo hilo, ijapokuwa hakupata senti.

Fedha ya Bibi nilimrudishia, naye akaipokea kwa upole. Lakini kuaminiwa hakurudishwi kwa siku moja. Tumeyafanya matuta matatu nyuma ya nyumba yake, na kura aliipiga mjukuu wake. Jebera zimo, zimeinuliwa shingo. Kila akija mnunuzi akaonesha kidole kwenye ua linalong'aa na kuuliza bei, Bibi humjibu kwanza kwa maneno mengine: "Hili limepita masika na kiangazi, nitakuuzia. Lile bado silijui. Ngoja mwakani, inshallah."

Nimesikia wanunuzi wengine wakicheka na kwenda zao. Nimewaona pia waliorudi, wakakaa barazani, wakaomba kulitazama daftari.